Tamthilia haihamishwi kama kabati

Mhariri,

Mchambuzi wenu wa filamu aliandika wiki iliyopita kwamba mwandishi wa filamu aliyoijadili hakuwa na kazi kubwa, kwa kuwa "alihamisha tu" tamthilia yake mwenyewe kutoka jukwaani. Hilo "tu" limenikera. Nina miaka 19 ya kuandika tamthilia na 6 ya kuandika skripti, na huko kuhamisha nimekufanya mara moja. Sina hamu ya kurudia.

Katika tamthilia yangu, mama anamsimulia jirani alivyouza cherehani ili mwanawe asome. Maneno yake yanajaza ukurasa mmoja na nusu, na kila mwigizaji aliyeyasema jukwaani alipigiwa makofi. Kwenye skripti, ambako ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha, mwongozaji aliyapiga mstari mwekundu yote. Nilinuna siku tatu. Ya nne nikaandika: "Sakafuni, alama nne za miguu ya cherehani. Mama anafagia, anazikwepa." Basi. Hasemi neno. (Makofi yale nayakumbuka mpaka leo, nikiri.)

Robert Bolt naye ilimbidi abomoe. Mwingereza huyu, aliyekuwa mwalimu kabla kalamu haijaanza kumlisha, aliandika A Man for All Seasons, tamthilia ya 1960 juu ya Thomas More na Mfalme Henry VIII. Jukwaani anayeibeba ni mtu wa kawaida asiye na jina, Common Man, anayezungumza na watazamaji na kubadili kofia: mara mtumishi, mara mpiga makasia, mwishoni mnyongaji. Bolt alipoandika skripti ya filamu ya 1966 alimtoa kabisa. Jukwaani tulimhitaji atuambie tumefika mtoni. Kamera inatuonyesha mto wenyewe, na watumishi na wapiga makasia wakawa watu mbalimbali. Alimtoa mhusika aliyemuumba mwenyewe, na skripti hiyo ikampatia Oscar, ya pili baada ya ile ya Doctor Zhivago, filamu ya 1965.

Kwa hiyo mchambuzi akikutana tena na tamthilia iliyogeuzwa filamu, naomba atafute kwanza kilichoachwa nje. Na amtaje mwandishi. Safari hii nimeusoma uchambuzi wake mara mbili nikitafuta jina hilo, nikakuta mpaka la mshona mavazi, lake sikuliona.

Mwandishi wa tamthilia na skripti