Vitu vitakatifu si mapambo ya michezo ya video

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze masikitiko yangu kuhusu watengenezaji wa michezo ya video ya kubuni wanaochukua vyombo vya ibada na visa vitakatifu na kuvigeuza silaha au zawadi za kukusanywa. Mwaka 2008 kampuni ya Sony iliahirisha kutoa mchezo wa LittleBigPlanet baada ya kubainika kuwa wimbo mmojawapo ulikuwa na maneno ya Kurani. Mwaka uliotangulia, Kanisa la Uingereza lilikuwa limelalamikia mapigano ya bunduki yaliyoonyeshwa ndani ya Kanisa Kuu la Manchester katika mchezo mwingine wa kampuni hiyo hiyo, nayo ikaomba radhi.

Sipingi hadithi takatifu kusimuliwa upya, kwani zimeimbwa, zimechorwa na kuigizwa tangu kale. Kinachoniumiza ni kuona Kali, mungu wa kike ambaye mamilioni ya Wahindu humwomba kama mama, akifanywa mhusika wa kupigana kwa kubonyezwa kitufe. Wenye imani waitwe mapema, mchezo ukiwa bado unabuniwa, wala wasisubiriwe hadi walalamike.

Msomaji wako