Jeti haichokonolewi: kabureta ya pikipiki ina utaratibu wake

Ndugu Mhariri,

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikishatangaza bei kikomo za mafuta, vijiwe vya bodaboda hurudia kilio kile kile: chombo kinakunywa mafuta mno. Dawa inayotolewa nayo ni ile ile, kipelekwe kwa fundi akague kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Skrubu mbili zinazungushwa huku injini ikipigwa resi, jeti, kile kipande chenye kitundu cha kupimia mafuta, inachokonolewa kwa waya wa chuma, pikipiki inatoka ikinguruma vizuri kwa siku mbili tatu, halafu inaanza kutoa moshi mweusi. Mwishowe inanunuliwa kabureta mpya ya bei rahisi, ambayo nayo jeti zake hazikupangwa kwa injini ile. Naomba nafasi nieleze kazi hii inavyotakiwa kufanywa, kwa sababu sehemu kubwa yake mwenye pikipiki anaiweza mwenyewe uani kwake, kwa bisibisi, spana chache na masikio yake.

Nazungumzia pikipiki za sisi (cc) 100 hadi 150 zenye kabureta moja, hasa zile zenye injini ya muundo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na baadaye kunakiliwa na viwanda vingi vya China.

Nianze na jeti, maana hapo ndipo panapofanyika uharibifu usiorudishika. Ndani ya bakuli la kabureta mna jeti mbili za shaba. Ile kubwa, ya katikati, inalisha injini ukifungua sana mkono wa mafuta. Ile ndogo, iliyojificha kwenye tundu la pembeni, inalisha injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma taratibu bila kuvutiwa mafuta, na unapoanza kuondoka. Itoe hiyo ndogo uitazame kwa kuielekeza juani. Utaona nukta ya mwanga, nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Nyingi zimeandikwa 35 au 38, na namba hiyo inakaribiana na kipenyo cha tundu: milimita 0.35 au 0.38. Shaba ni laini kuliko chuma. Ukipitisha waya wa breki ya baiskeli, tundu la 0.35 likafika 0.40, macho hayaoni tofauti, lakini eneo la kupitishia mafuta limeongezeka kwa karibu asilimia 30, kwa kuwa eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Hakuna skrubu itakayolirudisha. Jeti hiyo ni ya kutupa.

Jeti iliyoziba inalowekwa kwenye petroli safi au kupuliziwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha inapulizwa kwa upepo wa kujazia matairi. Uchafu ukigoma, tumia unyuzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, au mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia. Imetosha pale nukta ya mwanga inapoonekana duara kamili, bila kingo zilizoliwa. Na bisibisi ya kuifungulia ijae kwenye mfereji wa jeti. Ikiwa nyembamba itaukwangua mfereji, na jeti itagoma humo humo. Kila tundu la mwili wa kabureta lipulizwe pia, kwani mara nyingi jeti ni safi ila njia iliyo juu yake ndiyo imeziba.

Sasa, kabla ya kugusa skrubu yoyote, hakikisha kosa ni la kabureta kweli. Eya klina iliyojaa vumbi inaifanya injini ikose hewa, na dalili zake ni zile zile za kabureta inayomwaga mafuta mengi. Ya sponji inaoshwa kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni, inakaushwa, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa bila kusokotwa. Ya karatasi inapulizwa kutoka upande wa ndani kwenda nje. Wapo wanaoitoa kabisa ili pikipiki “ipumue”. Hao wanaharibu mara mbili: hewa inazidi mafuta hadi injini inachemka, na vumbi la barabara linasugua silinda na ringi.

Kagua plagi, mwanya wake uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Pima valvu injini ikiwa baridi. Kwenye nyingi za muundo wa CG125 ni milimita 0.08, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Valvu iliyobana haifungi vizuri, na sailensi haitatulia hata ubadilishe kabureta tano. Kisha angalia mpira wa manifoldi kati ya kabureta na injini. Ukipasuka, hewa isiyopimwa inaingia, resi inapanda yenyewe na kuchelewa kushuka. Washa injini, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umepata tobo. Msitumie petroli kwa kipimo hiki, kama ninavyoona kwenye gereji kadhaa. Ekzosi ipo hapo hapo, na ina moto mkali.

Mwisho, kebo ya mafuta. Mkono wa mafuta uzunguke kidogo bila kuvuta chochote, milimita 2 hadi 6 ukipimia kwenye ukingo wa mpira. Injini ikiwa inanguruma, pindua usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Resi ikipanda, kebo imebana au imepitishwa vibaya, na marekebisho yoyote utakayofanya hayatadumu.

Tuje kwenye skrubu. Kubwa, yenye springi, inayoinua slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukizungusha mkono wa mafuta), ni ya sailensi. Ndogo ni ya mchanganyiko, na hapa mafundi wengi hupotea kwa sababu zipo za aina mbili. Ikiwa upande wa injini, yaani ukishapita slaidi, inatawala mafuta: ukiifungua, mafuta yanaongezeka. Ikiwa upande wa eya klina, inatawala hewa: ukiifungua, mafuta yanapungua. Usipojua ipi ni ipi utakuwa unatibu kinyume.

Endesha pikipiki dakika 10 ipate moto wa kawaida, choki ikiwa imerudishwa. Injini ikiwa imezimwa, funga skrubu ndogo taratibu huku ukihesabu mizunguko, na uandike ile hesabu. Ikigusa mwisho, acha. Ukiikaza, ncha yake inaacha alama kwenye kiti chake na haitapima tena sawasawa. Ifungue mizunguko 2. Washa, pandisha sailensi kidogo kwa skrubu kubwa, halafu zungusha ile ndogo robo kwa robo ukisubiri sekunde kama 10 kila mara, maana injini haijibu papo hapo. Utafika mahali mlio unapanda na kulainika. Ukiendelea unaanza kushuka au kuyumba. Rudi pale ulipokuwa juu kabisa. Sasa shusha sailensi kwa skrubu kubwa, kisha rudia kutafuta kilele kwa ile ndogo. Maliza kwa sailensi ya mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Pikipiki isiyo na geji ya resi utaisikia: mapigo yanafuatana bila kuruka, na ukiwasha taa injini haizimi.

Jaribu kwa kufungua mkono ghafla. Ikikohoa au kusita kabla ya kupanda, ongeza mafuta kwa robo ya mzunguko. Ikipanda kwa uzito na kutoa moshi, punguza robo. Kilele kikiwa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu, jeti ndogo ni sahihi. Kwenye skrubu ya mafuta, ikikulazimu uifungue zaidi ya mizunguko 3, jeti ndogo imeziba au ni ndogo mno. Ikifanya kazi chini ya mmoja tu, jeti ni kubwa au imeshachokonolewa. Skrubu ya hewa inasomwa kinyume chake.

Skrubu ya mchanganyiko mwisho wa kazi yake ni mkono wa mafuta ukifunguliwa kama robo. Anayelalamika kwamba pikipiki inavuta vibaya mlimani na abiria, akaichezea skrubu ya mchanganyiko, anapoteza muda. Weka vipande vya utepe kwenye mkono wa mafuta vionyeshe ulipofungwa, robo, nusu na robo tatu, kisha endesha uone kosa linatokea wapi. Kati ya robo na robo tatu kinachotawala ni sindano inayoning’inia kwenye slaidi. Juu yake ina mifereji, kwa kawaida 5, na klipu hukaa wa katikati. Klipu ikishushwa mfereji mmoja, sindano inainuka na mafuta yanaongezeka, ikipandishwa, yanapungua. Sogeza mfereji mmoja tu kwa mara moja. Juu ya robo tatu ndiko iliko kazi ya jeti kubwa, nayo ibadilishwe kwa namba iliyo jirani, kwa mfano 100 kwenda 98 au 95, ikiwa imenunuliwa na namba yake.

Plagi ndiyo shahidi. Panda mlima mkono ukiwa wazi, vuta klachi na uzime injini hapo hapo, usiiache ingurume kwenye sailensi. Ikipoa kidogo itoe. Rangi ya kahawia iliyofifia ni salama. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi. Kauri nyeupe yenye vipele ni mafuta machache, na usiendelee na safari ndefu hivyo, kwani pistoni inaweza kutoboka. Ikiwa imelowa oili nzito, tatizo ni ringi au sili za valvu, kabureta iache.

Kwetu nyanda za juu kuna jambo jingine. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Pikipiki iliyorekebishwa pwani ikiletwa huku inapokea mafuta kama ya kule na hewa pungufu, hivyo inavuta kwa uzito na plagi inakuwa nyeusi. Klipu ikipandishwa mfereji mmoja na jeti kubwa ikashushwa namba moja au mbili, inarudi kuwa nyepesi. Lakini ikiteremka tena pwani irudishwe ilivyokuwa, la sivyo itachemka.

Boya nalo linasahauliwa sana. Ndilo linaloamua kina cha mafuta kwenye bakuli, na kina kikikosea hakuna jeti itakayopima sawa. Chomeka mpira angavu kwenye tundu la kumwagia chini ya bakuli, uinue kando ya kabureta, fungua skrubu ya kumwagia. Mafuta yatapanda kwenye mpira yasimame milimita chache chini ya maungio ya bakuli. Yakipita hapo, au mrija ukidondosha mafuta pikipiki ikiwa imeegeshwa, toa sindano ya boya, ile inayofunga njia ya mafuta, uitazame ncha yake. Mstari wa mduara uliochimbika kwenye mpira wa ncha unamaanisha inahitaji kubadilishwa. Ni spea ndogo, na wengi wanatupa kabureta nzima kwa ajili yake. Ulimi wa boya ukiwa wa bati unaweza kukunjwa kidogo. Wa plastiki usiulazimishe.

Kuhusu kusawazisha, ambalo wenye pikipiki kubwa huuliza: neno hilo linahusu zenye kabureta zaidi ya moja, kama Kawasaki GPZ500 yenye 2 au Honda CB400 za zamani zenye silinda 4. Zote zivute sawa, vinginevyo silinda moja inaibeba nyingine na injini inatetemeka. Kwa kabureta 2, mpira angavu wa mita 4 au 5 uliokunjwa kama herufi U kwenye ubao, ukajazwa oili ya tu-stroki kiasi, unatosha kuwa kipimo. Ncha zake zinachomekwa kwenye matundu ya mvuto ya manifoldi mbili. Oili inapanda upande unaovuta kwa nguvu zaidi, na skrubu iliyo kati ya kabureta inazungushwa hadi ilingane pande zote. Ukiona oili inakimbilia injini, zima mara moja. Kwa 4 unasawazisha jozi ya kushoto, jozi ya kulia, kisha jozi kwa jozi. Valvu zipimwe kwanza, na feni ielekezwe kwenye injini kwa sababu imesimama.

Kazi yote hii ifanyike nje. Moshi wa ekzosi una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya, nayo ndani ya chumba inaua, na bakuli la petroli halikai karibu na jiko la mkaa.

Na usiku mfunge koki ya tangi. Sindano ya boya ikivuja koki ikiwa wazi, petroli inateremka kwenye silinda hadi kwenye oili. Asubuhi chomoa kijiti cha oili ukinuse: kikinukia petroli, au oili imepanda juu ya alama, mwaga oili yote kabla ya kupiga kiki.

Fundi pikipiki,
Mbeya