Mimba ihesabiwe kwa wiki, isikisiwe kwa miezi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi wakunga hukutana nalo karibu kila siku ya kliniki. Mama huketi mbele yangu, nikamuuliza mimba yake ina umri gani, naye hujibu bila kusita, "Miezi mitatu." Tukifunua kalenda pamoja, hubainika kuwa alianza kuhesabu siku alipoona hedhi haikuja, ilhali hesabu ya kitabibu huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani wiki nne hivi kabla ya hapo. Mama huyo hana wiki 13 kama anavyodhani, bali anakaribia 17, na kipindi cha kwanza cha mimba kimekwisha kumpita kabla hajapimwa chochote.

Kwa hesabu hiyo, mimba huchukua takriban siku 280, ambazo ni wiki 40. Kipindi cha kwanza huishia wiki ya 13, cha pili huanza wiki ya 14 hadi ya 27, na cha tatu huanza ya 28 hadi kujifungua. (Wapo wanaogawa 40 kwa nne, wakapata miezi kumi na kushangaa, lakini mwezi wa kalenda kwa kawaida huzidi wiki nne.)

Kipindi cha kwanza ndicho kinachoniuma zaidi. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia wiki ya sita hivi, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Ndiyo maana hushauriwa kumeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12, ili kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane ya kliniki, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12. Najua wengi husubiri tumbo lionekane kwa kuogopa kutangaza mimba changa, na hofu hiyo naielewa, kwa kuwa mimba nyingi zinazoharibika huharibika mapema. Lakini kumwambia mkunga si kutangaza.

Katika kipindi cha pili mama huanza kusikia mtoto akicheza, na kuanzia wiki ya 20 tunalichunga kwa makini zaidi shinikizo la damu, kwa kuhofia kifafa cha mimba.

Kosa la hesabu huja kutuumbua katika kipindi cha tatu. Kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita ninazopima kwa utepe kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba hukaribiana na idadi ya wiki. Utepe ukisoma 28 na mama akasema ana wiki 34, nitajuaje kama mtoto amedumaa au tarehe ndiyo iliyokosewa? Na uchungu ukianza usiku huohuo, tujiandae kumpokea mtoto njiti, au aliyekwisha kukomaa?

Ninawaomba waandishi wako wa afya, kila wanapoandika kuhusu mimba, wataje wiki na waeleze zinaanzia wapi, na wasomaji wanaotarajia kushika mimba waandike mahali tarehe ya kwanza ya kila hedhi.

Mkunga, msomaji wako wa siku nyingi