Gunia la maji si dawa ya joto la kaskazi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi nijibu makala ya ufugaji iliyotushauri wenye kuku wa uani tutundike magunia yaliyoroweshwa kwenye madirisha ya banda na kumwagia sakafu maji kila joto likipanda, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo nchi za jangwani. Tangu itoke, mtaani kwetu Makunduchi gunia linachuruzika kila ukigeuka.

Jangwani nimekaa. Niliishi kwa shangazi yangu Oman, kijiji kimoja jirani na Nizwa, na kuku wa uani pale walikuwa mikononi mwangu. Gunia tulitundika na kuku walipoa, sikatai. Lilifaa kwa sababu hewa ya kule ni kavu, na huo ukavu kwetu haupo.

Kuku hana jasho. Mwili wake wenyewe ni wa moto, nyuzi 41 kwenda 42, na joto likizidi hana njia ila kuachama mdomo, kuachia mbawa na kuhema, ili unyevu wa kooni ukauke na kuondoka na joto. Gunia linategemea jambo hilo hilo: maji yanapokauka ndipo yanapochukua joto. Sasa yatakauka vipi katika hewa iliyokwisha kushiba maji? Mwezi wa pili kwetu, ndani ya kaskazi, msimu wetu wa joto, chumvi inalowa ndani ya kopo, na kanga ukiianika kivulini inakuchelewesha arusi.

Joto la kule ni kali kuliko letu, na hilo ndilo linalowapoteza wengi: wanadhani dawa ya joto kubwa lazima iliweze joto dogo. Nizwa kiangazi nyuzi 45 si habari. Maji ya tangi la juu ya dari yanaunguza mkono, hata watu huzima hita ya chooni wakaoga yale yaliyotulia ndani ya hita, ndiyo ya baridi. Mwezi wa Juni 2018 mji wa Quriyat, ulioko pwani ya Oman, ulipitisha saa 24 joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6, yaani hewa ya usiku ilikuwa ya moto kuliko mwili wa kuku. Sisi Unguja nyuzi 33 tu tunalia, na kilio chetu ni cha haki, maana jasho letu halikauki, na pumzi ya kuku halikadhalika.

Nilirudi na jahla moja, ule mtungi wa udongo wa Bahla wa kutundikwa kwa kamba. Kule tuliutundika barazani, na maji yake adhuhuri yalikuwa yakiuma meno. Mtungi ule ule upo chini ya mwembe hapa nyumbani. Wakati wa kaskazi maji yake hayana moto, basi, ubaridi hauna. Ikiingia kipupwe ndipo unapopata uhai kidogo. Asiyeniamini na apite anywe.

Tena gunia lenyewe lina madhara. Jirani yangu, kijana mwenye bidii, alifuata makala neno kwa neno. Maranda ya sakafuni yalilowa yakashikana, banda likatoa harufu ya mkojo inayochoma macho, na vifaranga wakaanza kuhara damu. Ugonjwa ule unapenda majimaji na joto, na yeye kavipeleka vyote viwili. Sasa anatafuta dawa dukani, pesa aliyokuwa ameiweka ya chakula.

Linalotufaa sisi ni upepo, nao Mungu katupa bure. Banda lilale mashariki na magharibi, ubavu wake uelekee kaskazini na kusini. Hapo jua la asubuhi na la alasiri linapiga kichwa cha banda tu, na upepo, uwe wa kaskazi au wa kusi, unaingia ubavuni. Ukuta wa mawe uishie magotini, kutoka hapo mpaka juu iwe fito au wavu. Paa liwe refu kwenda juu, tena la makuti. Najua makuti siku hizi yana bei na yanaoza, na bati linadumu; aliyekwisha kuezeka bati na ayatandaze makuti juu yake.

Chakula kiwe alfajiri na alasiri. Tumbo linaposaga chakula nalo linazalisha joto, kwa hiyo anayemwaga machicha ya nazi na pumba saa sita mchana anamwongezea kuku moto ndani. Maji yakae kivulini, yabadilishwe, yasitoke moja kwa moja kwenye bomba lililolala juani. Na msishangae mayai ya kaskazi kuwa na kaka laini. Kuku anayehema sana anapoteza hewa ile ambayo mwili wake unaihitaji kutengenezea kaka. Mimi nasaga magamba ya chaza nawawekea kando wadonoe wenyewe. Inasaidia, ila kivuli na upepo vinasaidia zaidi.

(Kuhema huko wengine wanakuita kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza unaoua kuku. Kuku wa joto hutulia jua likishuka. Wa kideri hatulii, anahara kijani, na wengine shingo zinapinda. Chanjo ya tone la jichoni irudiwe kila miezi mitatu, joto lisiwe kisingizio.)

Kama tunataka kuiga jangwa, tuige kivuli chake. Nizwa maji yanakuja kwa falaji, mfereji unaogaiwa kwa zamu, mtu na saa zake. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na wa Daris pale Nizwa ukiwemo. Kwa kuwa maji ni ya kuhesabu, shamba linapandwa kwa ghorofa. Juu mitende, chini yake midimu na migomba, chini kabisa majani ya mifugo na mboga. Jua linafika ardhini limeshachujwa mara mbili. Mboga haikutani nalo uso kwa uso, wala kuku.

Hilo kwetu linafaa sana, hasa sisi wa maweni. Watu wa kinongo, udongo mwekundu wenye kina, kule Donge na Mahonda wanachimba wanapotaka, sisi udongo wetu upo mifukoni mwa mawe, kiganja hapa, ungo pale. Lakini mpapai unapenda mawe hayo. Nimepanda mipapai na mdimu upande wa magharibi wa banda, chini yake mchicha na bamia ndani ya vishimo vilivyojazwa majani makavu, vumbi la makumbi na samadi ya kuku iliyokwisha kuoza. Mbichi haifai, inaunguza mizizi. Na wanaochukua makumbi yaliyofukiwa pwani wayaoshe chumvi kwanza. Miche ya tungule naifunika kwa wavu wa zamani wa kuvulia. Kuku hawaichakuri, na wavu huo huo nimeutandaza juu ya ua wa vifaranga kwa ajili ya kunguru. Hawa kunguru wa Bara Hindi tuliletewa mwishoni mwa karne ya 19 eti wasafishe mji. Ushauri wa kutoka mbali nao ule.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Makala ya kilimo au ufugaji ikitoka kwenu, iandikwe inasemea wapi: bara au pwani, hewa kavu au ya unyevu, kinongo au maweni. Mstari mmoja unatosha. Na ushauri wa joto utoke vuli, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati mtu bado ana nafasi ya kugeuza banda au kubomoa safu za juu za tofali akaweka wavu. Ukitoka mwezi wa pili, kuku walishakufa.

Mfugaji wa uani,
Makunduchi, Kusini Unguja