Mhariri, hicho "kisiwa cha plastiki" hakipo

Kwako Mhariri,

Nimesoma kwenye gazeti lenu habari ya "kisiwa cha plastiki" kule Pasifiki, mkaandika ati mtu anaweza kutembea juu yake, nikaona siwezi kunyamaza maana mimi nimefika. Nilikuwa baharia kwenye meli ya utafiti, wiki tatu kati ya Hawaii na California, na wallahi kisiwa hakuna.

Siku ya kwanza nimesimama dekini natazama kote, maji ya bluu tupu, chupa moja inapita, baadaye sana kipande cha kamba, nikajiuliza tumekuja kutafuta nini huku. Halafu tukashusha wavu. Unaitwa manta, mdomo mpana kama wa samaki taa, matundu yake theluthi moja ya milimita, unaburutwa juujuu ubavuni nusu saa hivi meli ikienda polepole, mchana na usiku, na zamu yangu ilikuwa saa sita usiku mpaka saa kumi kwa hiyo nimeuvuta sana. Ukipanda ni kama uji, vijidudu vya baharini vimechanganyika na plastiki nyeupe na bluu, vipande vidogo kuliko punje ya mchele, na watafiti wanaokota kimoja kimoja kwa kibanio huku meli inayumba, mwingine anaenda kutapika anarudi kuhesabu. Fulana za polista tulikatazwa kuvaa karibu na meza ya kuhesabia, nyuzi zake nazo ni plastiki na zinaingia kwenye sampuli. Kuna wadudu wanaotembea juu ya maji, wametaga mayai kwenye hivyo vipande, hiyo haijanitoka mpaka leo.

Utafiti uliotoka 2018 ulikadiria eneo hilo lenye plastiki ni kilomita za mraba milioni 1.6, karibu Kenya tatu, na plastiki yake tani 79,000. Gawanya mwenyewe, inakuja kama kilo 50 kwa kila kilomita ya mraba, yaani uzito wa mfuko mmoja wa simenti umwagwe kwenye kilomita nzima ya mraba. Karibu nusu ya uzito ni nyavu za uvuvi, lakini ukihesabu vipande, asilimia 94 ni vile vidogo.

Sasa tangu mtoe habari ile vijana hapa mtaani wananiambia si wapeleke meli kubwa wakazoe yaishe. Ingekuwa kisiwa sawa, lakini uji ule utauzoaje bila kuzoa na mayai ya samaki? Tafadhali mkiirudia ondoeni neno kisiwa, na ile picha ya takataka zimejaa bandarini pia. Ya wavu ukiwa umepanda ninayo kwenye simu, nitawaletea.

Baharia mstaafu,
Likoni, Mombasa