Kifaa cha kutyuni ni cha kusoma kwanza

Mara nyingi mteja anatupigia simu hapa gereji kifaa cha kutyuni, yaani cha kubadilisha maagizo ya kompyuta ya injini, kikiwa tayari mkononi. Amekitoa kwenye boksi, amekichomeka chini ya usukani, na sasa skrini inamuuliza kama aendelee. Anachotaka kwetu ni neno moja tu, "endelea." Sisi tunamuuliza: umeshasoma nini mpaka sasa? Hapo simu inakuwa kimya kidogo.

Vifaa hivi vya mkononi, kama Accessport ya COBB ambayo wenye Subaru WRX na Nissan GT-R wanaifahamu vizuri, watu huvinunua kwa ajili ya nguvu. Unachomeka waya kwenye soketi ya OBD-II, ile ya kuchunguzia gari yenye pini 16, unachagua ramani (faili lenye maagizo ya injini), unasubiri dakika chache, na kompyuta ya injini inapokea maagizo mapya: turbo isukume hewa kwa presha gani, petroli iingie kiasi gani, plagi zitoe cheche wakati gani. Kwa injini isiyo na turbo, maagizo mapya peke yake huleta tofauti ndogo. Kwenye turbo tofauti unaihisi siku hiyo hiyo, maana ukipandisha presha unashindilia hewa zaidi ndani ya silinda zile zile, na hewa ikizidi, petroli nayo huongezwa.

Lakini kifaa hicho hicho kina skrini inayoonyesha namba ambazo dashibodi yako haikuonyeshi kabisa, na kinaweza kuzirekodi unapoendesha. Kwetu sisi hiyo ndiyo thamani yake kubwa. Gari likija na ramani ya kiwandani, tunalirekodi kwanza lilivyo. Ndipo tunazungumza habari za kuongeza.

Kulikuwa na gari moja jekundu, la milango miwili, lililoletwa na kijana aliyekuwa na hakika kwamba ramani aliyopakia ni mbovu. Nguvu ilikuja kwa kuchelewa, na nyuma lilitoa moshi mweusi kila akikanyaga mafuta. Alikuwa amebadilisha ramani mara tatu kwa wiki moja. Tulirudisha ya kiwandani, tukarekodi mvuto mmojammoja wa gia ya tatu, yaani kukanyaga mafuta hadi chini kuanzia mizunguko 2,500 kwa dakika hadi karibu na mwisho. Mchanganyiko ulikuwa umezidi petroli kuliko kompyuta ilivyoagiza, na presha ilipanda polepole ingawa kompyuta ilikuwa inaisukuma turbo kwa nguvu zake zote. Wahenga walisema usiandikie mate na wino ungalipo, na wino wenyewe ulikuwa pale kwenye rekodi: hewa ilipimwa mlangoni, kisha nyingine ikatoroka njiani kabla ya kufika kwenye silinda. Kompyuta haikujua hilo, ikaendelea kuipa petroli hewa ambayo haipo tena. Tukafunga mfumo, tukaujaza hewa ya presha ndogo, tukasikiliza. Mpira unaotoka kwenye intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo, ulikuwa na mpasuko chini ya klampu, mahali ambapo jicho halifiki bila kulegeza skrubu. Kwa kutazama tu juu, mpira ulikuwa mzima kabisa.

Ramani zote tatu hazikuwa na kosa. Na laiti ile ya nne aliyokuwa anaifikiria ingepakiwa, turbo ingesukumwa zaidi ili kufidia hewa inayovuja, ikazunguka kwa kasi kuliko ilivyoundwa.

Kinachotutia hofu zaidi kuliko uvujaji ni injini kugonga. Katika hali ya kawaida cheche huwasha mchanganyiko na moto husambaa kwa mpangilio. Joto na presha vikizidi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto haujaufikia, na pigo hilo huishukia pistoni. Pigo moja dogo injini hulivumilia. Yakirudiwa kwenye presha kubwa, kingo nyembamba zinazoshikilia ringi za pistoni huvunjika, na hapo hakuna ramani itakayokusaidia. Kwenye injini imefungwa sensa ambayo kazi yake ni kama sikio. Ikisikia mgongano, kompyuta inachelewesha cheche. Kwenye Subaru nyingi utaona matokeo yake katika namba inayoitwa DAM. Tunataka kuiona ikiwa 1. Ikishuka chini ya hapo baada ya kupakia ramani, kompyuta inakwambia kwamba imelazimika kurudi nyuma, na wewe usikanyage tena mpaka sababu ijulikane. (Sikio hilo nalo hudanganyika. Tumewahi kuhangaika nusu siku kutafuta mgongano ambao, mwisho wa yote, ulikuwa ni bati la kukinga joto lililolegea na kutetemeka karibu na turbo.)

Sababu ya kawaida ya kugonga ni petroli isiyolingana na ramani, na hapa kuna mtego ambao umewanasa hata watu makini. Ramani nyingi za vifaa hivi zinatoka Marekani na zimeandikwa 91 au 93. Namba hizo ni za kipimo cha AKI, yaani wastani wa vipimo viwili vya oktani (uwezo wa petroli kuhimili kugonga), RON na MON. Nchi nyingi nyingine huandika RON peke yake kwenye pampu, na RON huwa kubwa kuliko wastani huo. Mtu anaona pampu imeandikwa 95, anaona ramani imeandikwa 93, anajiambia yuko juu kwa mbili. Kumbe petroli ya RON 95 inakaribia AKI 91, na ile ya RON 91 iko karibu na AKI 87. Ramani ya 93 inataka takribani RON 98. Kama hujui pampu yako hutumia kipimo gani, chagua ramani ya chini. Nguvu utakayokosa ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya injini.

Vipuri navyo vina namba zake. Ukifunga bomba pana la kuingizia hewa ukaacha ramani iliyoandikwa kwa bomba la kiwandani, sensa ya hewa itapima pungufu kwa sababu hewa inapita polepole kwenye upana ule, na injini itapewa petroli pungufu chini ya presha. Hapo ndipo mahali pabaya kabisa pa kukosa petroli. Mchanganyiko kamili wa petroli safi ni sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, ila turbo ikisukuma, injini nyingi huhitaji kushuka hadi kwenye 11 au 12 ili petroli ya ziada ipoze silinda. Kwa hiyo ramani za Stage 1 ni za gari lililobaki na vipuri vyake vya kiwandani, na Stage 2 kwa kawaida hudai bomba jipya la moshi linalotoka kwenye turbo. Majina haya hayafanani kwa kila mtengenezaji, basi soma maelezo ya ramani yenyewe, si jina lake.

Siku ya kupakia, kazi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Swichi imewashwa, injini imezimwa. Taa, feni na redio vizimwe, simu ichomolewe. Betri tunaifunga chaja ya kushikilia volti, maana umeme ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandikwa, unaweza kubaki na gari lisilowaka. Waya usiguswe. Kuna mteja aliyefungua mlango achukue pochi yake, goti likagonga waya, na tukatumia jioni nzima kuirudisha kompyuta kwenye uhai. Siku hizi mlango tunaufunga na mteja tunamkalisha nje.

Ukimaliza kupakia, gari linaweza kunguruma bila utulivu kidogo likiwa limesimama, kwa kuwa kompyuta imefuta ilichokuwa imejifunza. Liendeshe kwa upole likiwa na joto lake la kazi kabla ya kurekodi mvuto wa kwanza. Mvuto huo ufanyike kwenye mashine ya roli, ambayo magurudumu huzunguka juu yake bila gari kusogea, au kwenye uwanja wa mbio, si barabarani penye watu. Kama gari lina ukaguzi wa moshi karibuni, usipakie siku moja kabla: majaribio ya ndani ya kompyuta hurudi sifuri na yanahitaji muda wa kuendeshwa ili yakamilike.

Kwetu kazi inakwenda hivi. Tunaangalia plagi na oili, tunapima uvujaji, tunarekodi gari kwa ramani ya kiwandani, kisha tunakuonyesha rekodi kwenye skrini, mstari kwa mstari. Gari likiwa na kasoro tunakwambia, na siku hiyo hatupakii kitu, hata kama umekuja kwa ajili hiyo tu. Wapo wanaokasirika. Kuhusu waranti tunasema wazi kabla ya kuanza: kurudisha ramani ya kiwandani hakufuti kila alama, na wakala mwenye vifaa vyake anaweza kugundua kwamba kompyuta iliwahi kuandikwa upya.

Jambo la mwisho ni kwa wanaouza. Kifaa cha aina hii hujifunga na gari moja na kuhifadhi ndani yake ramani ya kiwandani ya gari hilo. Ukiliuza gari bila kukifungua kutoka kwenye gari hilo kwa utaratibu na kurudisha ramani ya kiwandani, mnunuzi anabaki na injini inayodai petroli ambayo huenda hajui inaidai, nawe unabaki na kifaa kinachokataa kila gari lingine unalokichomeka. Kwa hiyo ukitaka tuliandae gari kwa mauzo, njoo na kifaa chake pamoja na waya.