Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa majirani wa Kihesa, Iringa, na jamaa walio mbali

Kamwene, ndugu, jamaa na majirani zangu nyote.

Kwa heshima na upendo ninawasalimu katika msimu huu wa Krismasi, nikimshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha salama hadi mwisho wa mwaka. Mvua zimefika, waliowahi kupanda mahindi yao yamekwisha kuota, na wana wetu wanashuka kwenye mabasi pale Ipogolo na mizigo yao, wakipanda mlima kuja kutuona.

Mwaka haukuwa mwepesi. Ada za shule na mfuko wa mbolea vilidai fedha ile ile, na wapo waliopanda bila mbolea kabisa. Wengine tuliowatarajia wamepiga simu kusema kwamba nauli za msimu huu hawaziwezi. Tunawaombea huko huko waliko.

Kwangu mimi ndio mwaka niliomzika mke wangu, mwezi Julai, katika baridi mnayoijua wenyewe. Mlijaa uani kwangu: mlileta kuni, turubai na masufuria ya jumuiya, na daftari la rambirambi lilijaa majina. Mungu awalipe. Lakini matanga yalipoanuliwa, turubai likakunjwa, wageni wakarudi makwao, na nyumba ikawa kimya. Jikoni sikuingia. Dawa za presha zikawa zinalala mezani bila kuguswa. Ndipo mama mmoja jirani akaanza kumtuma mjukuu wake kila jioni na bakuli la makande lililofunikwa kwa sahani, akiwa na agizo kwamba asirudi nyumbani mpaka aone babu amekula na kumeza kidonge. Mtoto huketi kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, akifanya hesabu zake za shule kwa sauti, nami ninamsahihisha. Bila bakuli lile, sidhani kama ningekuwa na nguvu ya kuandika salamu hizi.

Wataalamu nao wamelitazama jambo hili. Mwaka 2010 watafiti waliunganisha matokeo ya tafiti 148, zilizohusisha watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko wasio nayo. Mwezi Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vijana wamo kwa wingi. Hilo la vijana lilinishtua, kwa kuwa tumezoea kudhani upweke ni wa wazee na wajane peke yao. Kijana aliyemaliza chuo na kukosa kazi, anayejifungia chumbani asiulizwe maswali, naye anahitaji mtu wa kumgongea mlango.

Ndugu zangu, misiba tunaijua. Hakuna nyumba ya Kihesa inayozika peke yake, na asiyefika msibani tunamsema. Mbona basi hatumsemi asiyerudi baada ya arobaini? Mbona tunachanga haraka kwa ajili ya jeneza, na mgonjwa aliyelala mwezi mzima tunamwachia mke wake? Nawasihi, sikukuu hii isipite mageti yakiwa yamefungwa. Kabla ya kupakua pilau, tazameni ni nani mtaani hajaonekana kanisani, kisimani wala kwenye kikao cha vikoba, kisha mwende kwake mkiwa na watoto, mketi, msizungumze mkiwa mmesimama mlangoni. Mliopatana vibaya kwa mpaka wa shamba, salimianeni. Mlio Dar es Salaam na Dodoma, msitume fedha tu; pigeni simu na mkae kwenye simu mpaka mzee amalize habari zake.

Mimi na familia yangu tunawatakia heri ya Krismasi na fanaka ya Mwaka Mpya, afya njema, mvua za kutosha na mavuno mema. Siku ya tarehe 26 nitakuwa nyumbani tangu asubuhi. Chai itakuwepo, karibuni nyote.